Sayansi isiwe jina la kituo cha daladala tu

Mhariri, naomba kanafasi kadogo nitoe la moyoni kuhusu watoto wetu wa shule na karakana za vyuo.

Ukipanda gari za Mwenge utamsikia konda anaita "Sayansi, Sayansi washushe!" na kweli pale Kijitonyama jengo la COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, lipo, humo ndani kuna Buni Hub na DTBi wanaolea vijana wenye mawazo ya teknolojia, na kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) ya mambo ya kompyuta iko hukohuko Kijitonyama. Sasa watoto wa shule wangapi wa Mwananyamala au Sinza washaingia mle wakashika hata waya? Wanapita nje na mabegi mgongoni wanawahi twisheni.

Mimi kijana wangu yuko form two. V=IR, ile kanuni ya umeme, anaijua kama wimbo, muamshe saa nane usiku anakutajia, ila resista yenyewe, kile kidude cha kupunguza umeme, kaiona mara ya kwanza kwa fundi redio wa mtaani kwetu, ndo huyo kamfundisha na kuchomelea nyaya kwa risasi. Mwaka jana nikampeleka chuo kimoja, jina naliacha, nikijua wana karakana nzuri, mlinzi getini akasema watoto hawaruhusiwi mpaka iwe ziara ya shule na barua. Na hizo ziara tunazijua jamani, watoto sitini kwenye mstari, wanaonyeshwa mashine imezimwa, picha ya pamoja, soda na andazi, haya pandeni basi.

Ninachotaka mimi ni Jumamosi. Watoto walewale, karakana ileile, kila wiki, mpaka mtu atengeneze kitu kiharibike akitengeneze tena. Wenzetu Chuo Kikuu cha Nairobi wana FabLab, karakana ya ubunifu, kwenye eneo lao la sayansi na teknolojia na watoto wa shule wamefundishwa roboti pale. Tanga nao tangu 2021 wana STEM Park, sehemu ya watoto kujifunza sayansi kwa vitendo, shirika la Projekt Inspire wameshirikiana na halmashauri ya jiji. Tanga bwana! Sisi wa Dar tunaowaita wenzetu "wa mikoani" tuko wapi?

Walimu wapo. Wanafunzi wa uhandisi kila mwaka wanahangaika kutafuta sehemu ya kufanyia field, wengine wanaishia kutumwa chai na kutoa photocopy, si bora wakae na watoto kumi kumi wawafundishe saketi na ihesabiwe kwenye mafunzo yao? Vifaa pia visitutishe, printa ya 3D itakuja baadaye, anza na mota ya redio mbovu, betri, swichi, miwani ya kukinga macho, mashine kubwa zifungiwe. Ila ada ndo waangalie sana, maana ikifika bei ya zile klabu za roboti za shule za kimataifa basi watarudi walewale ambao nyumbani wana kila kitu.

Halafu kuna huu mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi sekondari, ulioanza 2024. Shule nyingi za kata karakana hazina, vyuo wanazo, na Jumamosi zimepigwa kufuli. Huo ufunguo anao nani hasa, wizara au mkuu wa chuo? Atuambie, sisi wazazi nauli tutajilipia na andazi tutabeba wenyewe.

Mzazi, Mwananyamala,
Dar es Salaam