Dalali wa chuo naye aseme anakula wapi

Ndugu Mhariri,

Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, tangu mwanangu wa kwanza akiwa bado mgongoni. Jambo ninalokuandikia linahusu mawakala wa vyuo vya nje, si dagaa, lakini nitalieleza kwa njia ya dagaa kwa kuwa ndiko nilikosomea.

Majuzi nilikwenda na kijana wangu kwenye maonesho ya vyuo vya nje, katika ukumbi wa hoteli moja hapa mjini. Amemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na moyo wake wote uko kwenye udaktari. Tangazo tulilipata kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: kiingilio bure, vyuo vya India, Uturuki, Malaysia, Uingereza na Kanada, udahili papo hapo, njoo na matokeo yako. Nikafunga biashara mapema, nikaoga mara mbili nitoe harufu, nikavaa kitenge cha kutokea.

Ukumbi ulipendeza. Meza zimefunikwa vitambaa vyeupe, bendera ndogondogo, pipi kwenye vibakuli. Meza ya kwanza kijana mwenye tai akanisalimia Kisukuma, "Mwangaluka, mama," kwa lafudhi ya Dar es Salaam iliyonichekesha, nikamwitikia. Akachukua karatasi ya matokeo, akaitazama kwa muda ambao mimi nisingemaliza kukagua ndoo moja ya dagaa, akasema, "Hongera sana mama, mtoto ameshapata." Nikamuuliza amepata nini. "Nafasi. Tena na ufadhili wa asilimia 50."

Ndoo ya dagaa, Mhariri, mimi naingiza mkono mpaka chini, maana wa juu huwa wazuri siku zote. Na bei inayokatwa nusu kabla mnunuzi hajafungua mdomo naijua; machinga wa Makoroboi wanauza mashati hivyo hivyo. Nikauliza huo ufadhili ni wa mwaka mmoja au yote. Itategemea. Hosteli? Chakula? Bima? "Hayo tutayaongea ofisini, mama." Ndipo nikamuuliza swali lililonileta kwenye ukurasa wako: "Baba, wewe unalipwa na nani?"

Akanyamaza kidogo. Kisha: "Sisi ni washauri wa elimu, mama. Ushauri wetu ni bure kabisa."

Niseme kwanza kwamba dalali mimi simdharau. Mwaloni bila dalali hakuendi. Mnunuzi anatoka Kongo, hajui mtu, hajui dagaa ipi imeanikwa kwenye kichanja na ipi imekokotwa mchangani. Dalali ndiye anayemshika mkono. Lakini kila mtu pale anajua dalali anakula kiasi gani kwa gunia. Mnunuzi anajua, mimi najua, kuli anajua. Basi dalali akisifia mzigo wangu, mnunuzi anamsikiliza kwa sikio moja, na hilo lingine analiweka kwenye mzani.

Huyu wa ukumbini ni dalali aliyevaa tai. Chuo cha nje kinamlipa kamisheni kwa kila mtoto anayesajiliwa, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 20 ya ada ya mwaka wa kwanza. Ni biashara halali na huko vyuo viliko inajulikana. Sababu yake pia inajulikana. Kule England, mwanafunzi mwenyeji anawekewa kikomo cha ada na serikali, pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26, lakini mgeni anatozwa bei ambayo chuo chenyewe kimejipangia, na mara nyingi ni maradufu au zaidi. Kiti cha mgeni ndicho kinacholipia mambo mengi. Kwa hiyo mtu akifunga safari mpaka Mwanza kutafuta watoto wetu, anafuata bei nzuri, kama mimi ninavyopeleka mzigo mnada wenye wanunuzi. Sina ugomvi naye hapo.

Ugomvi wangu ni kwamba amejificha nyuma ya neno mshauri. Dalali mwenye vyuo vitano vinavyomlipa hatakutajia cha sita kisichomlipa. Nilizunguka ukumbi wote sikuona bendera ya Ujerumani, nchi ambayo vyuo vyake vingi vya umma havitozi ada ya masomo hata kwa mgeni. Asiyetoza ada atatoa kamisheni kutoka wapi? Meza ya India hawakumwambia binti mmoja aliyekuwa mbele yetu, anayetaka mambo ya kompyuta, kwamba IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, imefungua kampasi Zanzibar tangu mwaka 2023 na inafundisha sayansi ya data na akili mnemba. Angepanda basi na meli tu. Na hakuna aliyetaja Bugando, chuo cha udaktari cha hapa hapa Mwanza, ingawa kijana wangu angeweza kuiona pale mlimani kila akitoka nje ya hoteli. Najua ushindani wa kuingia udaktari Bugando au Muhimbili ni mkali, na ndiyo maana sisi wazazi tunajaa kwenye hizi kumbi. Mtu mwenye njaa ya nafasi ni rahisi kuuziwa.

Baba mmoja kando yangu aliuliza kama Bodi ya Mikopo italipa. Msichana wa mezani akatikisa kichwa kwa namna ambayo ungeweza kuisoma ndiyo au hapana, upendavyo. Mikopo ya Bodi kwa shahada ya kwanza ni ya waliodahiliwa vyuo vya ndani. Wa nje ni wachache wanaokwenda kwa mikataba ya serikali na serikali. Yule baba aliondoka na fomu akiwa na furaha.

Sasa niseme kwa nini nina uchungu. Mwaka juzi binti wa marehemu dada yangu, ninayemlea mimi, alipata "ofa" ya Uingereza kwenye maonesho ya namna hii. Wakala, nisiyemtaja, alidai shilingi 500,000 ya usajili. Ilikuwa siku za mwezi mpevu, na wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani mwezi ukiwaka kwa sababu taa zao hazivuti samaki. Kwa hiyo sikuwa na mzigo, nikakopa kikoba. Risiti tukapewa. Neno "hairudishwi" lilikuwa chini kabisa, herufi za sisimizi.

Uingereza wanataka fedha ya ada na ya kujikimu ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka. Hizo fedha hatukuwa nazo. Wakala akasema tusihofu, kuna mtu wa kutuazima tuonyeshe, tumlipe riba. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka, nakiri. Fedha zikaingia, zikakaa siku chache, mwenyewe akazitaka. Wakati huo binti ameshapanda basi hadi Dar es Salaam kupima kifua kikuu, maana anayekwenda kukaa Uingereza zaidi ya miezi 6 lazima awe na cheti cha kipimo hicho, na Mwanza hakipatikani. Nauli kwenda na kurudi, malazi, ada ya kipimo, ada ya viza. Viza ikakataliwa kwa sababu ya ile akaunti. Tulipompigia wakala alisema uamuzi ni wa ubalozi. Baadaye simu ikawa haipatikani.

Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa nachambua dagaa. Chuo humlipa wakala mtoto akishasajiliwa, na viza ikikataliwa wakala hapati kitu huko. Kwa hiyo anajilinda mapema kwa kukata kwetu kwanza. Mtoto akienda, amekula pande zote mbili. Asipoenda, amekula upande mmoja, wetu. Dalali wa Mwaloni akifanya hivyo atafukuzwa soko kabla ya adhana ya adhuhuri.

Tena masharti ya nchi hizo hayakai. Kanada mwanzoni mwa 2024 ilipandisha fedha ya kujikimu ambayo mwanafunzi lazima aonyeshe, bila kuhesabu ada wala nauli, kutoka dola 10,000 za kwao hadi 20,635, na mwezi huohuo ikatangaza kikomo cha vibali vya masomo. Uingereza Januari ileile iliwazuia wanafunzi wengi wa shahada za uzamili kwenda na wenza na watoto. Kipeperushi kilichochapwa kabla ya hapo bado kinaweza kuwa mezani, kina picha ya familia inatabasamu mbele ya jengo la matofali.

Haya, na tuseme mtoto ameenda, amesoma, amerudi. Tuzo yake ya nje lazima itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Akiwa daktari lazima asajiliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika kabla hajamgusa mgonjwa. TCU hiyohiyo hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na ina orodha ya mawakala wenye leseni. Katika meza zote nilizopita, niliuliza leseni ya TCU kwenye meza nne. Mmoja alinionyesha bila kusita, na nilimshukuru. Mmoja alisema iko ofisini Dar. Wawili walinipa pipi.

Ninachoomba ni kidogo. Hoteli zinazokodisha kumbi, maofisa elimu wetu wa mkoa, na TCU yenyewe, wasiruhusu meza kufunguliwa Mwanza bila karatasi ya wazi juu ya meza, kwa Kiswahili: leseni yangu ni hii, vyuo vinavyonilipa ni hivi, navyo hunilipa kiasi hiki kwa kila mtoto, na ukinipa fedha yako nitakurudishia mambo yakiharibika hivi au sitakurudishia. Basi. Baada ya hapo mzazi anayetaka kununua anunue, macho yakiwa wazi. Mimi mwenyewe naweza nikanunua. Yule mwenye leseni alizungumza vizuri na kijana wangu, akamwambia aombe kwanza vyuo vya hapa dirisha la udahili likiwa wazi, halafu warudi kuongea.

Waandaaji walitangaza kwamba watarudi tena. Mwaloni ushuru wetu umeandikwa kwenye ubao, kila mtu anausoma akiingia. Kama tatizo lao ni pa kuandikia, ubao na chaki nitakuja navyo mwenyewe.

Mama wa Dagaa,
Kirumba, Mwanza