Malengelenge chini ya boti ya faiba: usikimbilie rangi

Wateja wengi wakipandisha boti na kukuta malengelenge tumboni mwake, ombi huwa moja: "Fundi, piga msasa, tia pati, paka rangi, Jumamosi nina wageni." Kazi hiyo hatuipokei.

Boti nyingi za faiba huundwa kwa rezini ya poliesta, ile gundi inayogandisha faiba, kisha hufunikwa kwa jelikoti, lile tabaka linalong'aa. Boti inayolala majini mwezi baada ya mwezi hupenyezwa maji polepole hata kama haina ufa. Huko ndani maji hukutana na mabaki ya kemikali na kuzaa majimaji yenye asidi. Majimaji hayo huvuta maji mengine, shinikizo hupanda, jelikoti hufura. Hiyo ndiyo osmosisi, na joto la bahari yetu huichochea. Maji ya mvua yaliyotuama ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, nayo hushambulia kwa ndani. Tena maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hupenya upesi kuliko ya chumvi.

Vaa miwani na glavu, utoboe lengelenge moja, maana huweza kufyatuka. Likitoa majimaji ya kunata yenye harufu ya siki, ni osmosisi. Ukikuta jelikoti nzima chini yake, ni rangi tu iliyobanduka, na hapo hata Jumamosi yako inawezekana.

Malengelenge machache tunayachimba moja moja na kuyaziba kwa epoksi, rezini inayozuia maji vizuri kuliko poliesta. Yakienea, jelikoti yote ya chini inachunwa. Kisha tunaosha kwa maji baridi yaliyopashwa moto, na kuosha tena siku nyingine, kwa sababu kemikali ikibaki huendelea kunyonya unyevu hewani na boti haikauki kamwe. Ukaushaji huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, na hapo ndipo tunapogombana na wateja. Tunapima unyevu kwa mashine na kuandika namba kwa chaki ubavuni, uje ujionee zikishuka. Epoksi juu ya faiba mbichi ni pesa ya kutupa.

Baadaye hufuata matabaka kadhaa ya epoksi isiyo na thina (kiyeyusho cha rangi), halafu rangi ya kuzuia viumbe wa baharini wasinate.

Osmosisi ni nadra kuzamisha boti. Kama ni malengelenge machache na msimu umechangamka, fanya kazi yako kwanza. Masika hatukaushi boti nje; tunapendelea kaskazi, Desemba hadi Machi. Ilete kwenye bamvua, maji yanapojaa sana, ngama ikiwa kavu, na usipake chochote kabla hatujaiona.