Kabla Hujasema Tumekulia Hela kwa Kibakuli Kidogo

Lalamiko hili limerudi tena wiki hii, na tumeshalijibu kwa simu mpaka sauti zimekauka, basi leo naliandika mlisome wote. Mteja aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo alilipia chakula cha wiki nzima tunachowapikia watu kama yeye, akala matonge mawili ya kuku siku ya kwanza, kuku akakwama, akatapika. Akatuandikia kwamba tumemlia hela: kibakuli cha mtoto, bei ya mtu mzima, na bado hakiliki.

Nilimpigia. Swali langu la kwanza huwa ni lile lile: ulikipashaje moto? Kwenye maikrowevu, dakika tatu, bila kufunika, na mchuzi aliumwaga kwanza kwa sababu alihofia kwamba maji yatamjaza tumbo. Hapo nilikuwa nimeshapata jibu. Mchuzi ule ndio tuliotumia saa nzima kuuweka pale.

Nieleze kwa nini. Waliofanyiwa slivu wamebaki na mrija mwembamba, maana robo tatu ya tumbo au zaidi imeondolewa. Wa baipasi, ambao sehemu ndogo ya juu ya tumbo imetengwa na kuunganishwa na utumbo, wana kifuko ambacho mwanzoni hubeba kama mililita 30 tu, na mlango wa kutokea ni mdogo. Tumbo la zamani lilikuwa linapokea mnofu uliomezwa nusunusu, linaufinyanga na kuulowesha mpaka ulainike. Siku hizi kazi hiyo imehamia mdomoni na jikoni. Nyama ikipata moto mkali, nyuzi zake hujikunja na kukamua maji yake nje. Ukiirudisha kwenye moto mara ya pili bila mchuzi, inakamuliwa tena. Kidari cha kuku hakina mafuta ya kukiokoa, ndiyo maana kinaongoza kwa kukwama kuliko chakula chochote tunachoulizwa.

Ndiyo maana sisi tunatumia paja. Linaiva taratibu kwa moto mdogo, sufuria limefunikwa, na kipimajoto kinaingizwa kwenye mnofu mnene kabisa, kwa sababu kuku asiyefika nyuzi joto 74 za Selsiasi hatoki jikoni kwetu. Baada ya hapo mfupa unatolewa, ngozi inatolewa, mishipa inatolewa kwa mkono, nyama inachambuliwa na kukatwa kukingama nyuzi zake hadi vipande visizidi punje ya njegere, kisha inarudi kwenye mchuzi wake kunywa. Mwisho ndiyo mizani. Nyama mbichi hupoteza kama robo ya uzito wake ikiiva, na mfupa na ngozi navyo tulivinunua kwa kilo. Anayelinganisha bei yetu na ya kuku mzima wa sokoni halinganishi vitu vinavyofanana.

Na udogo wa kibakuli si ubahili. Gramu 60 za paja lililoiva zina protini gramu 15 hivi. Wataalamu wengi wa lishe huwataka waliofanyiwa upasuaji huu wafikishe gramu 60 hadi 80 kwa siku, na hakuna anayezifikisha kwa mlo mmoja. Tungeweza kujaza kibakuli kwa viazi kikaonekana cha maana. Ungelipa, ungeshiba viazi, na protini ingebaki chini haijaguswa.

Sasa njia za mkato, maana ndizo zinazonisumbua roho.

Ya kwanza ni kusukumia chakula kwa maji. Tonge limekwama nyuma ya mfupa wa kifua, mtu anapiga funda kubwa ili lishuke. Kifuko hakina nafasi, kwa hiyo vyote viwili vinapanda, pamoja na yale mate mazito yenye povu ambayo kila aliyepitia anayajua. Hata pale maji yanapofaulu, chakula kinapita upesi na njaa inarudi mapema. Weka glasi mbali wakati wa kula, na usinywe mpaka ipite nusu saa baada ya mlo. Maji ya siku, lita moja na nusu au zaidi, yanywe kidogo kidogo kati ya mlo na mlo.

Ya pili ndiyo ghali kweli. Mtu akitapika nyama mara mbili tatu anahitimisha kwamba mwili wake umekataa nyama, anaiacha. Anabaki na maziwa ya unga wa protini, na kwa kuwa anatamani kutafuna, anaongeza biskuti na vibanzi vya kukaanga. Hivyo havikwami kamwe. Vinayeyuka na kuteleza, unaweza kula tangu jioni hadi usiku na kifuko kisilalamike. Mama mmoja alikuja kwetu akiwa ameishi hivyo kwa miezi mingi. Uzito ulikuwa umegoma, halafu ukaanza kupanda. Nywele zilikuwa zinatoka kwa mafungu. Nywele kunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita huwapata wengi hata wanaokula vizuri, lakini zake hazikuacha, na vipimo vya daktari vilionyesha ana upungufu wa madini ya chuma. Alikuwa ameshanunua makopo na makopo ya unga, mengine ya kolajeni, ambayo si protini kamili kwa sababu haina triptofani, kijenzi kimojawapo cha protini ambacho mwili lazima ukipate kwenye chakula. Hesabu yake ilikuwa imepita mbali bei ya vibakuli vyetu alivyovikimbia.

Sipigi vita unga. Wiki za mwanzo, za vimiminika, unga ndio unaomshikilia mtu, na sisi wenyewe tunauweka kwenye supu. Ila protini ya kutafuna hukaa tumboni muda mrefu zaidi, na shibe hiyo ndiyo uliyoifanyia upasuaji.

Yule mama tulimwanzishia yai la kuvuruga, laini na lenye unyevu lakini limeiva. Likakaa. Akaja samaki wa mvuke, mtindi mzito, jibini laini, dengu zilizopondwa, kisha nyama ya kusaga ndani ya mchuzi. Paja la kuku lilichelewa, kidari na nyama ya ng'ombe vikaja mwisho kabisa. Kitu kipya kimoja kwa wakati mmoja, nyumbani, bila haraka, dakika 20 hadi 30 kwa kibakuli. Kikigoma, kiache wiki moja au mbili, kisha ujaribu tena. Na usikilize dalili: kifua kubana, kwikwi, pua kuanza kuchuruzika ghafla. Ukiziona, weka kijiko chini. Tonge linalofuata ndilo utakalolitapika.

Wengine hukasirika tunapodai karatasi ya hospitali kabla ya kupokea oda. Tutaendelea kuidai. Vyakula vigumu kwa kawaida huruhusiwa kuanzia karibu wiki ya sita hadi ya nane, na kila daktari ana ratiba yake. Tuliwahi kuambiwa na mteja kwamba ameshafika huko, kumbe bado alikuwa kwenye vyakula vya kusagwa.

Kuna kutapika ambako hakuhusiani na jikoni kabisa. Mteja alilaumu samaki wetu. Nilipomuuliza zaidi, hata maji hayakai. Nilimwambia aende kwa daktari wake siku hiyo hiyo. Mlango wa kifuko ulikuwa umesinyaa, jambo linalotokea baada ya baipasi hasa miezi ya mwanzo, ukapanuliwa kwa puto dogo la kitabibu bila kumpasua tena. Samaki yule yule anamla sasa. Ukitapika siku kadhaa mfululizo usingoje, vitamini B1 huisha mwilini ndani ya wiki chache, na ukiona vitu viwiliviwili, ukayumba ukitembea au akili ikachanganyikiwa, hiyo ni dharura ya hospitali. Mteja wa namna hiyo tunamrudishia hela ya vibakuli vilivyobaki bila maswali.

Kupasha: sufuria ndogo, moto mdogo, mfuniko, mchuzi wote ndani mpaka utoe mvuke kila upande. Kwa maikrowevu, nguvu ya kati, funika, koroga katikati. Usipashe kibakuli mara mbili. Na unapoagiza tuandikie aina ya upasuaji, tarehe yake, na chakula cha mwisho kilichokukwama, kwa sababu hicho cha mwisho ndicho tunachoanzia kupanga oda yako.