Barua ya wazi kwa vijana mnaotangaza biashara mtandaoni

Wanangu,

Nawaandikia kwa sababu wengi wenu mmejiita washauri wa masoko kabla hamjamuuzia mtu kitu, na kwa sababu namba yangu ya simu, niliyoiandika kwenye daftari la wageni getini katika jengo moja mjini, sasa inapokea matangazo ya viwanja, mikopo na dawa za kupunguza tumbo hata alfajiri. Nimeona niwaeleze alivyofanya kazi Mmarekani Seth Godin, mmoja wa waliowatangulia katika shughuli hii.

Godin hakuanza kwa kushauri. Katika miaka ya 1980 alifanya kazi Spinnaker, kampuni ya programu za kompyuta, kisha kwa muda mrefu akawa anaandaa vitabu vya kuwauzia wachapishaji, kazi isiyompa mtu jina. Mwaka 1995, kampuni nyingi zikiwa bado zinajiuliza intaneti ni ya nini, alianzisha Yoyodyne, iliyotangaza bidhaa kwa michezo na mashindano. Mchezaji alijiandikisha kwa hiari na kutoa anwani yake ya baruapepe, akijua kwamba atatumiwa maswali pamoja na habari za mdhamini. H&R Block, kampuni inayowasaidia watu kuandaa hesabu zao za kodi, iliweka zawadi ya kumlipia mshindi kodi yake; basi watu wakawa wanaufungua ujumbe wa kampuni ya kodi kwa hamu, jambo ambalo ninyi, pamoja na maelfu ya namba mlizonunua, hamjalipata.

Yahoo iliinunua Yoyodyne mwaka 1998, na mwaka uliofuata Godin akatoa kitabu chake Permission Marketing, yaani kutangaza kwa ruhusa, chenye hoja kwamba tangazo limfikie mtu anayelitarajia, limhusu, na limfae. Sisi tuliolelewa kupiga hodi mara tatu na kuondoka tusipoitikiwa hatukuhitaji kufundishwa adabu hiyo na mtu wa New York, ila yeye aliionyesha kuwa ina faida ya fedha, na hilo ndilo mlilolisahau. (Vitabu vyake vya baadaye, kwa maoni yangu, vingine vinajirudia.) Mwaka 2000 alikitoa kitabu kingine bure mtandaoni, msikimbilie kumwiga katika hilo, kwani wakati huo alikwisha kuwa na wasomaji waliokuwa wakimsubiri.

Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022 zina sheria za kulinda taarifa binafsi, lakini msingoje kuitwa na mamlaka. Futeni orodha za namba mlizozipata kwa mlinzi, kwa bodaboda au kwa rafiki wa benki. Waliowapa namba zao wenyewe waulizeni kama bado wanataka kusikia kutoka kwenu, na asiyejibu mwondoeni, hata kama mtabaki na watu arobaini.

Mzee wenu