Kwa Nini Tunakuketisha Dakika Tano Kabla ya Kukupima Presha

Wateja wengi huingia kwenye duka letu la dawa wakihema, wametoka kushuka daladala juani, na mkono tayari wameshaunyoosha. "Nipimie presha haraka, gari litaniacha." Wiki iliyopita mama mmoja alisisitiza tumpime papo hapo. Mashine ikasoma 158/94, akashtuka. Tukampa kiti chenye egemeo, miguu chini, kimya dakika tano. Tukapima tena: 134/84. Hakumeza kidonge chochote.

Aliyeishusha ni mwili wenyewe. Shingoni, pale unapopapasa mapigo chini ya taya, na kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni, kuna vihisio vinavyofuatilia jinsi ukuta wa mshipa unavyotanuka. Damu ikisukuma kwa nguvu mno, ubongo hupata habari mara moja, ukapunguza mwendo wa moyo na kulegeza mishipa. Ukiinuka ghafla kitandani ni kinyume chake: damu huteremkia miguuni, mishipa inabidi ijibane. Kile kizunguzungu cha sekunde chache ni mwili bado unajipanga.

Figo ndizo zenye kazi ya kurekebisha presha kwa siku na wiki. Presha ikishuka hutoa kimeng'enya kiitwacho renini, na mlolongo unaofuata hubana mishipa na kubakiza chumvi na maji mwilini. Dawa za presha kama losartani na enalaprili hukatiza njia hiyohiyo. Ukizidisha chumvi kwenye chakula, maji huifuata, damu ikaongezeka mishipani.

Linalotuumiza sana ni mtu kurudi baada ya miezi na kusema, "Presha ilikaa sawa, nikaacha dawa." Ndugu yetu, vidonge ndivyo vilivyokuwa vimeishikilia! Presha ikikaa juu muda mrefu, vile vihisio huizoea, vikaanza kuilinda kana kwamba ndiyo kawaida yako. Na wengi hawasikii chochote. Usiache dawa kabla ya kuongea na daktari wako.

Ukija kupima, pita chooni kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha namba. Kahawa na sigara ziache nusu saa kabla. Ikisoma 140/90 au zaidi hata baada ya kupumzika, tunakuandikia kwenye kadi urudi siku nyingine. Ikijirudia, nenda na kadi hiyo hospitali. Lakini ikifika 180/120 na kifua kinauma au mkono umekufa ganzi, hatusubiri siku nyingine: tunakuitia usafiri saa hiyohiyo.