Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana Kipawa, na pole kwa foleni ya Barabara ya Nyerere. Foleni hiyo ndiyo tuliyokusudia kukueleza leo.

Mheshimiwa, sisi ni majirani wa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, kama kilomita 12 kutoka Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Hatutasema hakuna kilichofanyika. Daraja la Mfugale pale Tazara, lililozinduliwa Septemba 2018, limetuondolea ile kero ya kuungua jua tukingoja askari wa trafiki aruhusu upande wetu. Jengo la tatu la abiria lilizinduliwa 2019. Mabasi ya mwendokasi nayo yamejengewa njia hadi Gongo la Mboto.

Kasoro ni kwamba vyote hivi havijaunganishwa. Chukua abiria wa SGR, reli yetu ya kisasa, anayetoka Dodoma kuwahi ndege ya jioni. Treni ya umeme imemkimbiza hadi kilomita 160 kwa saa. Akishuka Pugu, aanze kutafuta bajaji, begi mkononi. Akiendelea hadi Stesheni ya Magufuli katikati ya jiji, ameshaupita uwanja, arudi tena nyuma kwenye foleni. Kipande hiki kifupi ndicho kinachomchelewesha, na kwa kweli kinatia aibu kidogo.

Hatuombi reli mpya. Tunaomba basi la kuzunguka kati ya majengo ya abiria, kituo cha mwendokasi na stesheni ya Pugu, ratiba yake ifuate ya treni. Tunaomba pia njia ya waenda kwa miguu yenye paa, isiyo na ngazi, ili mwenye sanduku la magurudumu na mwenye kiti cha magurudumu wapite bila kubebwa.

Na siku ikifika ya kujenga kikubwa zaidi, tunaomba fidia itangulie greda. Kipawa tunalisema hili kwa sababu wapo wazazi wetu waliohamishwa kupisha upanuzi wa uwanja.

Johannesburg walizindua treni ya Gautrain ya kutoka uwanjani OR Tambo hadi Sandton mwezi Juni 2010, siku chache tu kabla ya Kombe la Dunia. Sisi tunaandaa AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda. Basi la kuzunguka linawezekana kabla ya hapo, na tunakuomba ulifikishe ombi hili kwenye vikao vyako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.