YAH: Malalamiko kuhusu kifaa cha GPS chenye ramani ya "Afrika Mashariki"

Nyegezi, Mwanza

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Nilishawapigia simu, nikaandika na ujumbe, kulalamika kwamba kifaa chenu cha GPS, cha kuelekeza njia, kilitupoteza Kigali. Jibu nililopewa ni kwamba milima ya Rwanda huzuia satelaiti, kwa hiyo kifaa chenu hakina kosa. Naandika barua hii kwa sababu jibu hilo si kweli, na picha ya kulikanusha ninayo.

Mimi ni mmiliki na dereva wa Coaster ya kukodi. Kifaa nilikinunua dukani kwenu hapa mjini Desemba 2025. Nakala ya risiti naiambatanisha. Boksi linasema ndani yake kuna ramani za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, zinazofanya kazi bila intaneti, na kwamba masasisho ni bure. Hayo ndiyo yaliyonifanya nitoe hela. Hapa Tanzania simu yangu inanitosha. Nilichotaka ni kitu cha kunitoa mpakani Rusumo hadi Kigali bila kuhangaikia laini wala bando la ugenini.

Safari yenyewe ilikuwa ya kupeleka mahari. Nilibeba wazee wa ukoo, mashangazi, mshenga na mizigo yao, na kule wenyeji walikuwa wameshapanga saa ya kutupokea.

Vituko vilianza kabla hata hatujatoka mkoani. Daraja la J.P. Magufuli, linalounganisha Kigongo na Busisi, lilifunguliwa Juni 2025. Ni kilomita 3 hivi za zege juu ya ziwa, si kitu cha kutoonekana. Kifaa chenu kikaniamuru nishuke kivukoni. Nikapanda daraja. Kwenye skrini, alama ya gari ikaingia ziwani na kwenda zake juu ya maji ya bluu mpaka ng'ambo, huku sauti ikinisihi nigeuze. Kondakta alipiga picha. Abiria walicheka, na mimi nilicheka nao, maana hii njia naijua na kifaa naweza kukibishia.

Itazameni vizuri picha hiyo. Alama ya gari ilikuwa palepale tulipokuwa, katikati ya Ghuba ya Mwanza. Maana yake satelaiti zilifanya kazi yake. Kifaa hupokea mawimbi ya satelaiti nne au zaidi, kikapiga hesabu ya umbali wake na kujua kiko wapi. Satelaiti hizo ziko juu kilomita 20,000 na ushei, ni za serikali ya Marekani, na hazimdai msafiri hata senti, awe Mwanza au Kigali. Kwa hiyo hapo hamkuniuzia kitu. Mlichoniuzia ni ramani, na ramani ndiyo mbovu. Ni kweli milima na maghorofa huweza kuzuia mawimbi, lakini hapo alama ya gari hurukaruka au hupotea. Ya kwangu haikuruka popote, si Geita, si Biharamulo, si Rwanda.

Sasa lililoniumiza. Ukishavuka Mto Kagera pale Rusumo, unahamia kulia. Rwanda wanaendesha kulia, na Burundi vilevile. Yaani katika nchi tano mlizoziandika kwenye boksi, mbili ni za kulia, na mtengenezaji wa ramani yenu anaonekana hakuambiwa. Barabara za Rwanda amezichora, ila kanuni za kuelekeza ni za kushoto, zilezile za kwetu.

Katika barabara iliyonyooka huwezi kuligundua hilo. Linajitokeza kwenye kipilefti. Huku kwetu gari huzunguka kufuata mshale wa saa, kwa hiyo anayetaka kukunja kushoto hutokea njia ya kwanza. Rwanda magari huzunguka kinyume chake, na anayekwenda kushoto hutokea njia ya tatu, kama kipilefti kina njia nne. Kifaa kikasema njia ya kwanza. Nikatoka ya kwanza, nikajikuta naelekea kulia, upande tusiokwenda kabisa. Kikapanga njia upya, kikanipeleka kipilefti kingine, hesabu ileile. Jengo la Kigali Convention Centre tulilitazama upande huu na upande ule kama watalii, na mshenga anapigiwa simu aulizwe mko wapi. Mjomba wa bwana harusi, mtu asiyesema sana, akaniambia, "Mwanangu, zima hicho, uliza mtu." Nikazima. Dereva wa pikipiki akatutangulia hadi getini, nikamlipa kwa hela yangu.

Tulifika wenyeji wameshakaa na kuchoka. Wazee wetu walianza kwa kuomba radhi kabla ya kusema walichokuja kusema, na katika shughuli ya mahari huko ni kuanzia chini. Hilo halina risiti ya kuambatanisha.

Niliporudi nilisoma kijitabu chenu chote. Kimeonya kwamba Ufaransa hairuhusu kifaa kutaja mahali ilipo kamera ya mwendo, na Uswisi nayo haitaki. Vizuri, siku nikipeleka mahari Zurich nitakikumbuka. Kuhusu Rwanda, yenye kamera barabarani ambazo wenyeji wanaziita Sofia, hakuna hata mstari. Nimeunganisha kifaa kwenye kompyuta kutafuta hayo masasisho ya bure, kikajibu kwamba ramani yangu ndiyo mpya kuliko zote.

Ninachodai ni hiki: mnirudishie fedha yote ya kifaa, pamoja na mafuta ya kuzunguka Kigali na malipo ya yule wa pikipiki, mchanganuo uko ukurasa wa pili. Sitaki kubadilishiwa kifaa kwa kingine chenye ramani hiyohiyo. Pia ondoeni Rwanda na Burundi kwenye maandishi ya boksi mpaka ramani itakaporekebishwa, kwa sababu kuna madereva wa malori ya Rusumo wanaonunua kwenye duka lilelile, na lori likikosea upande halizunguki kipilefti mara ya pili kama Coaster.

Nasubiri jibu la maandishi kabla mwezi haujaisha. Lisipokuja, nitapeleka risiti, boksi na picha Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Na tafadhali, jibu hilo lisitaje tena milima.

Mteja wenu,
Mmiliki wa Coaster, Nyegezi

Viambatanisho: nakala ya risiti, picha ya skrini darajani, mchanganuo wa gharama.